Vikokotoo vya mkononi Pemba

Makala hii inahusu kifaa cha kupigia hesabu. Nchini Tanzania neno "kikokotoo" hutumika pia, hasa tangu mjadala wa mwaka 2018, kwa kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu.

Kikokotoo cha mkononi (katika mazungumzo ya kila siku: kalkuleta) ni kifaa kidogo cha elektroniki cha kufanyia hesabu. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kifaa hiki kina watumiaji wa aina mbili hasa: wafanyabiashara na wanafunzi. Kila upande unapenda umbo lake. Karani wa karafuu na mwenye duka hutaka kioo kipana, vitufe vikubwa na sifuri nyingi. Mwanafunzi wa sekondari hutaka kifaa chembamba chenye vitufe vingi vidogo. Tofauti hiyo haitokani sana na urembo wa kifaa. Inatokana na thamani ya shilingi, na mizani, na mwanga wa mahali pa kazi, na kanuni za mitihani.

Asili ya mpangilio wa vitufe

Mashine za kwanza za hesabu za ofisini zilikuwa na safu nzima ya vitufe 1 hadi 9 kwa kila tarakimu: safu ya mamoja, safu ya makumi, safu ya mamia na kuendelea. Hata ANITA, mashine ya Uingereza ya mwaka 1961 ambayo ilikuwa ya kwanza ya mezani kufanya kazi yote kwa elektroniki, ilikuwa na mpangilio huo. Umbo la namna hiyo haliwezi kuingia mkononi.

Mpangilio uliowezesha vikokotoo vidogo ulikuwa umeshabuniwa Marekani kabla ya hapo. Mashine ya kujumlisha ya Sundstrand, iliyotoka mwaka 1914, ilikuwa na vitufe kumi tu, 7-8-9 vikiwa juu na 1-2-3 chini, karibu na sifuri. Vikokotoo vya elektroniki vilirithi mpangilio huo na mpaka leo havijauacha.

Simu ilichukua njia nyingine. Maabara ya Bell ilijaribu mipangilio mingi ya vitufe vya simu na kuchapisha matokeo mwaka 1960. Simu za vitufe zilipoanza kuuzwa mwaka 1963, 1-2-3 ilikuwa juu. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza, R. Conrad na A. J. Hull, walilinganisha mipangilio hiyo miwili kwa watu wasio na uzoefu wa mashine na kukuta kwamba ule wa simu ulileta makosa machache zaidi. Lakini wakati huo maelfu ya makarani walikuwa wameshazoea mpangilio mwingine kwa vidole, na watengenezaji wa vikokotoo hawakuubadilisha.

Kikokotoo chenyewe kilipungua umbo kwa haraka. Mfano wa majaribio wa Texas Instruments ulikamilika mwaka 1967. Mwaka 1972 Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi kuingia mfukoni, kwa dola 395. Mwaka huohuo Casio ilitoa Casio Mini, cha bei nafuu zaidi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1973 Sharp ilitoa EL-805 yenye kioo cha kimiminika, ambacho hula umeme kidogo sana na husomeka juani, tofauti na tarakimu nyekundu zenye kuwaka za HP-35.

Kabla ya kikokotoo

Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, na hesabu zake zilikuwapo muda mrefu kabla ya elektroniki. Karafuu kavu zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 (karibu kilo 16). Mpaka mwishoni mwa mwaka 1935 fedha ya Zanzibar ilikuwa rupia. Kikokotoo cha leo kingemtatiza karani wa zama hizo, kwa sababu ratili 35 za frasila haziendi kwa makumi. Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100 ilichukua nafasi ya rupia, na baadaye kilo ikachukua nafasi ya frasila mizanini. Hapo ndipo hesabu nzima ilipokuwa ya makumi, kama inavyotakiwa na vitufe kumi. Pishi haikupotea: wachumaji bado huhesabiwa malipo yao kwa pishi za karafuu mbichi walizochuma.

Kikokotoo cha biashara

Mkulima anayekausha karafuu zake huzipeleka katika kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Huko hukaguliwa, hupangiwa daraja na kupimwa. Hesabu inayofuata ni fupi: kilo mara bei. Kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010 karafuu ya daraja la kwanza ililipwa shilingi 14,000 kwa kilo. Gunia la kilo 37.6 kwa bei hiyo ni shilingi 526,400.

Ugumu uko kwenye sifuri. Shilingi 3,500,000 na shilingi 350,000 hutofautiana kwa mguso mmoja wa kidole, na aliyechuma, akaanika na kubeba ndiye atakayeumia ikiwa sifuri imepotea na hakuna aliyeona. Kwa hiyo sehemu tatu za umbo hupewa uzito mkubwa katika kikokotoo cha biashara.

Ya kwanza ni vitufe vya "00" na "000". Bei ya 14,000 inahitaji kubonyeza mara tano kwenye kikokotoo cha kawaida, lakini mara tatu tu penye "000". Kila mguso unaopungua ni nafasi moja ya kosa iliyoondoka.

Ya pili ni alama ya kutenga maelfu juu ya kioo. Bila alama hiyo 3500000 huwa mstari wa sifuri ambao jicho lililochoka halihesabu vizuri, hasa jioni kituo kikiwa kimejaa watu.

Ya tatu ni idadi ya tarakimu. Vikokotoo vidogo vya mfukoni huwa na tarakimu 8, kwa hiyo mwisho wake ni 99,999,999. Kwa bei ya 14,000, kilo 7,142 ni shilingi 99,988,000 na bado zinaingia. Kilo 7,143 ni shilingi 100,002,000, na kioo kitaandika "E" ya kosa na kugoma mpaka kifutwe. Tani saba si nyingi kwa anayejumlisha ununuzi wa kituo kizima. Katika nchi zinazohesabu kwa dola au pauni, tarakimu 8 zinamtosha mwenye duka maisha yake yote. Kwa shilingi ya Tanzania, tarakimu 12 si anasa.

Kuna kasoro moja inayotokana na vifaa hivi kubuniwa kwa ajili ya fedha zenye senti. Vikokotoo vingi vya mezani vina swichi ndogo ya kuchagua nafasi za desimali, na mojawapo ya alama zake ni "A". Swichi ikiwa hapo, kikokotoo hujiwekea nukta kabla ya tarakimu mbili za mwisho wakati wa kujumlisha na kutoa: aliyeandika 14000 hupata 140.00. Kwa mtu wa dola na senti ni msaada. Kwa anayejumlisha shilingi ni balaa, na kwa kuwa swichi husogea yenyewe kifaa kikisukumwa mkobani, ni vyema kuitazama kabla ya kuanza kazi.

Dukani mambo ni hayohayo kwa kiwango kidogo, pamoja na jambo la mpangilio wa hesabu. Tuseme mteja amenunua vitu viwili vya shilingi 2,500 na vitatu vya shilingi 1,800. Kikokotoo cha kawaida hufuata mguso kwa mguso: 2 × 2500 + 3 × 1800 kwake ni 9,005,400, kwa sababu hujumlisha 5,000 na 3 kwanza kisha huzidisha. Jibu sahihi ni 10,400. Kwa sababu hiyo vikokotoo vya biashara huwa na kitufe cha "GT", ambacho hukusanya kila jibu lililomalizwa kwa alama ya sawasawa. Muuzaji hupiga 2 × 2500 =, kisha 3 × 1800 =, kisha GT. Vitufe vya M+ na MR hufanya kazi hiyohiyo, ila vinataka kumbukumbu kufutwa kabla ya mteja mwingine, na wengi husahau.

Umbo la nje nalo lina maana. Kikokotoo cha dukani huwa kimeinuka upande wa kioo ili kisomeke kikiwa juu ya meza. Katika maduka ya Chake Chake, Wete, Mkoani au Konde kifaa huzungushwa kumwelekea mteja, na tarakimu zilizo kiooni huwa ndiyo bei inayotajwa. Naye mteja akitaka kupunguziwa huandika yake. Kioo kidogo cha mfukoni hakifai kwa mazungumzo hayo, maana kioo cha kimiminika kikitazamwa kutoka pembeni hufifia.

Umeme na mwanga

Kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli mpaka mwaka 2010, wakati waya wa chini ya bahari ulipokiunganisha na gridi ya Tanzania Bara kupitia Mkoa wa Tanga. Kikokotoo hakihitaji umeme wa ukutani, lakini kinahitaji mwanga ikiwa kinategemea nguvu ya jua pekee. Ndani ya duka lenye giza, au usiku wa taa hafifu, kifaa cha namna hiyo hupoteza tarakimu katikati ya hesabu. Watu hupendelea vyenye njia mbili, jua na betri. Vipo vya bei ya chini ambavyo kibati cha jua ni pambo tu: hufunikwa kwa kidole na tarakimu hazibadiliki hata kidogo kwa sababu betri ndiyo inayofanya kazi yote. Jaribio hilo la kidole halitoshi peke yake, kwani chenye njia mbili za kweli pia hakizimiki kikifunikwa. Dalili ya pambo ni kifaa kufa kabisa betri inapokwisha, hata kikiwekwa juani.

Kikokotoo cha shule

Wanafunzi wa Zanzibar hufanya mtihani wa kidato cha nne na cha sita wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Katika Hisabati ya kidato cha nne vikokotoo haviruhusiwi. Mtahiniwa hutumia majedwali ya hisabati. Katika Fizikia huruhusiwa vikokotoo visivyoweza kuwekewa programu. Mwanafunzi mmoja basi hutafuta logi kwenye jedwali katika mtihani mmoja na kubonyeza kitufe katika mwingine. Nchini Kenya mtihani wa hisabati wa kidato cha nne huruhusu vikokotoo visivyo na programu, kwa sharti la ziada kwamba viwe kimya, yaani visitoe mlio vikibonyezwa.

Kanuni hizo ndizo zilizochagua umbo. Vikokotoo vya kuchora grafu, vilivyoanza na Casio fx-7000G mwaka 1985, huwekewa programu na kwa hiyo havina nafasi. Kilichobaki ni kikokotoo cha kisayansi cha wima, chenye kifuniko cha kuteleza, kama vile fx-82 na fx-991 za Casio. Kila kitufe hubeba kazi mbili au tatu zilizoandikwa kwa rangi tofauti, kwa sababu nafasi haitoshi.

Anayerithi kikokotoo cha kaka au dada yake hukutana na tofauti za vizazi. Katika vile vya zamani namba hutangulia: 30, kisha sin. Katika aina za MS na ES hubonyezwa sin kwanza, kisha 30. Aina za ES huonyesha sehemu na vipeo kama vinavyoandikwa daftarini, na hutoa jibu la sin 60 kama kipeuo cha pili cha 3 chini ya mstari 2. Anayetaka 0.866 hana budi kubonyeza kitufe cha kubadilisha sehemu kuwa desimali. Kikokotoo cha kisayansi pia huzidisha kabla ya kujumlisha, hivyo hesabu ya dukani iliyotajwa juu hutoa 10,400 bila GT. Mtoto anayemsaidia mzazi dukani kwa kikokotoo cha shule, kisha akashika cha mezani, anaweza kupata majibu mawili kwa vitufe vilevile.

Simu

Simu ya mkononi ina mipangilio yote miwili ndani yake: 1-2-3 juu wakati wa kupiga simu au kutuma fedha, na 7-8-9 juu kwenye programu ya kikokotoo. Mwenye duka ambaye pia ni wakala wa fedha za mtandao huvuka kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine mara nyingi kwa siku, na 7 ikishikwa mahali pa 1 kiasi chote huharibika. Kuweka kikokotoo cha mezani pembeni ya simu humruhusu pia kuendelea na hesabu wakati simu inasubiri ujumbe wa kuthibitisha muamala.