Mvumi na biashara ya umbali

Mei 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Mvumi, katika nchi ya Wagogo karibu na Dodoma ya leo, na msafara wake akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Alikuwa ametoka kuvuka nyika ya Marenga Mkali, ambako maji ni ya kubahatisha, na wapagazi wake walikuwa hoi kwa kiu. Mtemi wa Mvumi alimdai hongo ya vitambaa. Stanley alilipa, kisha akayamwaga malalamiko yake kitabuni. Ukiwa upande wa mtemi, hesabu haikuwa na uonevu: visima ni vyetu, mtama ni wetu, na anayetaka kuvuka nchi kavu kama hii akiwa hai, alipe.

Umbali, kwa maneno mengine, ulikuwa na bei Ugogo kabla ya baiskeli ya kwanza kufika. Nami nadhani historia ya michango ya hospitali kwa safari ndefu za baiskeli haieleweki vizuri bila kuanzia hapo, kwa sababu kinachouzwa ni kilekile.

Aliyeuza umbali wa Mvumi kwa mafanikio kuliko wote hakuendesha baiskeli. Paul White, daktari kijana kutoka Australia, alifika katika hospitali ya misheni ya Kianglikana ya CMS hapo Mvumi mwaka 1938, miaka 67 baada ya Stanley, akaondoka 1941 kwa sababu ya maradhi ya mkewe. Alikaa muda mfupi tu. Lakini aliporudi Sydney alianza kusimulia redioni na kuandika vitabu vya Jungle Doctor, ambavyo vilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na watoto duniani kote. Vichwa vya vitabu vinataja msitu. Anayeijua Mvumi anajua kuwa pale kuna mibuyu, miiba na vumbi, na msitu utautafuta mpaka uchoke. Hata hivyo msitu huo wa kufikirika ulifanya kazi yake: watu ambao wasingeikanyaga Tanganyika maishani mwao waliifahamu hospitali moja ya Wagogo, wakaiombea na kuichangia.

Baiskeli iliingia baadaye. Mwaka 1980 ulikuwa na jambo lake. Huko Canada, Terry Fox, kijana aliyekatwa mguu kwa saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143 na kilomita 5,373 kabla ugonjwa haujamrudia. Mwaka huohuo, Massachusetts, Billy Starr alikusanya waendesha baiskeli 36 kuchangia tiba ya saratani, na safari yao ya Pan-Mass Challenge inaendelea mpaka leo. Utaratibu ni rahisi: naumia mimi, unalipa wewe. Ndugu, jirani na mwajiri wanaahidi kiasi fulani, mwendeshaji anatokwa jasho, hospitali inapokea.

Afrika Mashariki hatukuwa wageni wa wazo hilo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, vijana walitembea mamia ya maili kuliunga mkono, na Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Hapakuwa na mchango wa fedha pale. Lakini Watanzania walikwisha kuzoea kuona mwili unaochoka barabarani ukisema jambo ambalo hotuba haiwezi.

Fedha zilifuata. Rais Benjamin Mkapa alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwishoni mwa 1999, Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS, ikaundwa, na mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita ukaanzisha Kili Challenge: wengine wanapanda Kilimanjaro, wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli, na fedha zinakwenda kwenye mapambano dhidi ya ukimwi. Kenya nayo, 2012, ilimwona Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza kwa risasi ya wezi wa magari, akitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, nchi ya matibabu yake. Alitaka Wakenya wachangie hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo ili arudishwe nyumbani, wakamtumia mamilioni ya shilingi. Kati ya yote niliyotaja, hili ndilo lililonigusa zaidi: umbali wake haukuwa wa kujitafutia. Kuanzia 2019 tuna Twende Butiama, Watanzania wanaoendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi alikozikwa Mwalimu, na njiani wananchi hupimwa afya bure.

Sasa tujiulize fedha hizo zinaweza kununua nini zikifika mahali kama Mvumi. Jibu limo katika historia ya hospitali yenyewe.

Miaka ya 1970 na 1980 alifanya kazi hapo daktari wa macho, Allen Foster. Dodoma ilikuwa na vikope, na ilikuwa na surua iliyowapofusha watoto. Surua ilipompata mtoto aliyepungukiwa vitamini A, kioo cha jicho kilioza kwa siku chache. Foster na wenzake, A. J. Barclay na Alfred Sommer, walijiuliza kama vitamini hiyo ingeokoa zaidi ya macho. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu hivi waliongezewa uniti 200,000 za vitamini A, na kesho yake tena. Matokeo yalichapishwa Januari 1987 katika British Medical Journal. Kati ya 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa, walikufa 6. Kwa jumla hiyo peke yake mtu angeweza kusema ni bahati tu, lakini kwa walio chini ya miaka 2 vifo vilikuwa 7 upande mmoja na 1 upande wa pili.

Mwaka huohuo WHO na UNICEF wakashauri vitamini A kwa watoto wenye surua mahali penye upungufu, na utafiti wa Cape Town wa 1990 ukathibitisha. Kapsuli ya vitamini hiyo ni ya senti chache. Tiketi moja ya ndege ya mwendeshaji anayekuja kuanza safari ya hisani ingenunua maelfu yake, na sioni ubaya wa kulisema hilo mbele ya wenye baiskeli za bei mbaya.

Lakini kapsuli haiendi yenyewe kijijini. Dodoma hadi Mvumi ni takriban kilomita 40, na kwa mama anayetoka kijiji cha mbele zaidi na mtoto mwenye homa mgongoni, umbali ni sehemu ya ugonjwa. Hapo ndipo ninapowapa heshima waandaaji wa Tour d'Afrique, mbio za kutoka Cairo hadi Cape Town zilizoanza 2003. Mfuko wao hugawa baiskeli kwa wahudumu wa afya katika nchi wanazopitia. Wengine wote niliowataja wanauuza umbali. Hawa, angalau kwa mhudumu mmoja na vijiji vyake, wanaupunguza.