Mkopo wa Helb: Yampasayo mwanafunzi kujua kabla ya kutia sahihi

KILA mwaka maelfu ya vijana waliopata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa KCSE huitwa kujiunga na vyuo vikuu. Kabla ya kuhudhuria hata somo moja, wengi wao huwa wametia sahihi mkataba wa deni litakalowaandama kwa miaka mingi.

Deni hilo ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama Helb. Ni mkopo uliowavusha watoto wengi wa wakulima, wachuuzi na vibarua ambao vinginevyo wasingeliona lango la chuo.

Hata hivyo, mkopo ni mkataba kama mkataba mwingine wowote. Asiyeyajua masharti yake huumia mara mbili: kwanza akiwa chuoni pesa zinapochelewa, kisha baada ya kuhitimu faini inapoanza kuhesabiwa.

Chimbuko la mikopo

Mikopo ya elimu ya juu nchini Kenya ilianza mwaka 1952, enzi za ukoloni, kupitia hazina iliyowafadhili Wakenya waliosomea nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango mwingine chini ya Wizara ya Elimu kwa ajili ya Wakenya waliosoma katika vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Wanavyuo wa miaka hiyo hawakuwa na wasiwasi wa malazi wala chakula. Isitoshe, walipokea pesa za mfukoni walizozibandika jina la ‘boom’, na wapo waliotuma sehemu ya pesa hizo nyumbani kuwalipia wadogo zao karo.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba haukuwa na nguvu za kisheria za kuwafuata waliohitimu. Wengi waliuchukulia mkopo kuwa zawadi ya serikali, nao hawakulipa.

Wakati uo huo, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma vililazimika kuwapokea wahitimu wa mwisho wa Kidato cha Sita pamoja na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4.

Mapema katika miaka ya tisini, serikali ilianzisha sera ya kugawana gharama na wazazi, katika kipindi ambacho wafadhili wa kimataifa walikuwa wakiishinikiza ipunguze matumizi. ‘Boom’ ikafutwa, na katika mabwalo ya chakula ikawa kila mmoja hula kadiri ya pesa zake.

Ni katika hali hiyo ambapo Helb iliundwa kwa sheria ya Bunge mnamo Julai 1995. Bodi hiyo ilipewa majukumu mawili yasiyotengana: kuwakopesha wanafunzi na kuwadai waliohitimu ili pesa zizunguke.

Karo na pesa za kujikimu

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo cha umma aliyedhaminiwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, huku mkopo wa Helb ukiwa kati ya Sh35,000 na Sh60,000. Sehemu ya mkopo huo ilienda moja kwa moja kwa chuo, na iliyosalia ikaingia katika akaunti ya mwanafunzi.

Hiyo iliyosalia ndiyo huamua maisha ya kila siku. Mabweni hayatoshi, hivyo wanafunzi wengi hukodisha vyumba katika mitaa iliyochipuka kandokando ya vyuo, kama vile Kahawa Wendani karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, au Juja palipo na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia.

Mwenye nyumba hudai kodi kila mwezi. Mkopo, kwa upande wake, hutolewa kwa muhula, na mara nyingi hucheleweshwa Hazina ya Kitaifa inapokawia kuipa bodi fedha.

Pengo hilo la wiki kadhaa ndilo chanzo cha masaibu mengi. Mwanafunzi hula mlo mmoja kwa siku, hukopa kwa programu za simu zenye riba kubwa, au hukosa masomo akitafuta kibarua. Wengine huahirisha masomo kwa muhula mmoja wakidhani watarejea upesi, na wapo ambao hawarejei kamwe.

Mfumo wa mwaka 2023

Mnamo Mei 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili, ulioanza na watahiniwa wa KCSE wa mwaka 2022. Badala ya serikali kuvipa vyuo ruzuku kwa kila mwanafunzi, pesa zilianza kutolewa kwa kuzingatia hali ya kila familia, sehemu yake ikiwa ufadhili usiorejeshwa na sehemu ikiwa mkopo.

Kufikia mwaka 2024, wanafunzi walikuwa wakigawanywa katika makundi matano. Wa kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, walitengewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia ikilipa asilimia 5. Wa kundi la tano walipata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, nayo familia ikalipa asilimia 40.

Mbali na hayo, kila mmoja angeweza kupata mkopo wa kujikimu wa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na kundi lake.

Chukua mfano wa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka na mwanafunzi wa kundi la tatu, ambalo lilikuwa na ufadhili wa asilimia 50, mkopo wa asilimia 30 na mchango wa familia wa asilimia 20. Familia yake ingetoa Sh40,000. Mkopo wa karo ungekuwa Sh60,000 na wa kujikimu Sh50,000, jumla Sh110,000. Kwa kozi ya miaka minne, angehitimu akiwa na deni la Sh440,000 kabla ya riba.

Malalamishi hayakukosekana. Wazazi wengi walisema watoto wa maskini waliwekwa katika makundi ya wenye uwezo. Mnamo Desemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo huo ulikiuka Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kutokana na mivutano hiyo, ni busara kwa mzazi kuthibitisha viwango vinavyotumika kila mwaka badala ya kutegemea alivyolipa mtoto wa jirani.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, kiwango kilicho chini sana kuliko cha benki. Mhitimu hupewa muhula wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa.

Kinachoumiza ni faini. Sheria inaruhusu mdaiwa atozwe Sh5,000 kwa kila mwezi anaokosa kulipa. Kwa mwaka hiyo ni Sh60,000. Aliyekopa Sh180,000 hudaiwa riba ya Sh7,200 kwa mwaka, ilhali faini ya miaka mitatu pekee hulingana na mkopo wote.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa deni la Helb, pamoja na riba na faini, halifai kuzidi maradufu ya kiasi kilichokuwa kikidaiwa mdaiwa alipoanza kukosa kulipa. Fauka ya hayo, bodi imewahi kutoa vipindi vya msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo.

Asiyelipa huweza kuorodheshwa katika mashirika ya kukusanya taarifa za wadaiwa, hatua inayomfungia milango ya mikopo mingine. Mwajiri naye ana wajibu wa kisheria wa kumkata mfanyakazi mshahara na kuwasilisha pesa hizo kwa bodi.

Ya kuzingatia

Kwanza, fomu ijazwe kwa ukweli na ukamilifu. Taarifa kuhusu mapato ya wazazi, idadi ya ndugu wanaosoma na shule alizosomea mwombaji ndizo hupima uhitaji wake. Yatima wanashauriwa kutafuta mapema vyeti vya vifo vya wazazi wao, kwani kukosa stakabadhi hizo huwachelewesha wengi.

Pili, mwombaji huhitaji wadhamini wawili. Mjomba au shangazi anayekubali kutia sahihi aelezwe kwamba anaweza kufuatwa mwanafunzi asipolipa.

Tatu, asiyeridhika na kundi aliloweka­wa ana haki ya kukata rufaa, na asingoje hadi siku za mwisho.

Nne, pesa za kujikimu zigawanywe kwa miezi ya muhula siku zinapoingia, kodi ya nyumba na chakula vikitangulia.

Tano, mhitimu asiye na kazi asinyamaze. Awasiliane na bodi kabla ya mwaka wa neema kwisha na kukubaliana kuhusu malipo madogo anayoyamudu, kwani kimya ndicho huzaa faini.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wanatarajiwa kufika vyuoni mwaka 2029. Mzazi mwenye mtoto katika kundi hilo ana muda wa kutosha kujiandaa, kuweka akiba na kumweleza mwanawe maana ya mkopo. Wahenga hawakukosea: dawa ya deni ni kulipa, na anayejua anacholipa hulipa bila kushtukizwa.