Kukwama kwa makro za lahajedwali

Kukwama kwa makro ni hali ya amri zinazoendesha lahajedwali kusimama kabla ya kumaliza kazi. Katika Excel, makro huandikwa kwa VBA, lugha iliyoingia mwaka 1993.

Katika miji inayotumia Kifaransa ofisini, kama Goma, chanzo kimojawapo ni mpangilio wa lugha wa kompyuta. Excel ya Kifaransa huliita jedwali la kwanza la faili jipya Feuil1. Makro iliyoandikwa Nairobi ikitafuta Sheet1 humo husimama kwa kosa namba 9. Fomula ya Kifaransa ya SOMME yenye nukta mkato, ikipitia sifa ya VBA iitwayo Formula badala ya FormulaLocal, huleta kosa 1004. Hatari zaidi ni kosa lisiloonekana: amri ya Val huisoma 12,5, yenye mkato wa desimali wa Kifaransa, kuwa 12, na hesabu hupotoka bila onyo lolote.

Uchunguzi huanza kwenye mstari uliotiwa rangi ya manjano baada ya kosa kutokea. Kitufe cha F8 huendesha makro mstari mmoja mmoja. Kabla ya kurekebisha chochote, nakala ya faili ihifadhiwe, kwani kilichobadilishwa na makro hakirudishwi kwa amri ya kutengua.