Msuguano wa metali zilizotiwa mafuta

Msuguano wa metali zilizotiwa mafuta ni ukinzani unaobaki kati ya nyuso mbili za metali zinazoteleza hata kama kati yake kuna oili au grisi. Kilainishi hakiondoi msuguano wote, bali hubadilisha chanzo chake. Metali zikiendelea kugusana, msuguano hutokana na metali zenyewe. Zikitengana kabisa, hutokana na oili.

Mfano mzuri ni injini ya dizeli inayoendesha mashine ya kusaga mahindi, kama zile za vijijini mkoani Ruvuma, kutoka milima ya Mbinga hadi Liparamba na mwambao wa Ziwa Nyasa. Injini kama hiyo ikikwama, kijiji kizima hubeba mahindi kwenda mbali.

Vyanzo

Uso wa metali uliong'arishwa vizuri bado una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nyuso mbili zikikutana, hugusana kwenye ncha za vinundu tu, kwa hiyo mzigo wote hubebwa na eneo dogo sana. Shinikizo hapo ni kubwa kiasi cha kufanya metali zishikane kana kwamba zimechomelewa. Kuzitenganisha kunahitaji nguvu, na vipande vidogo hung'oka. Kinundu kigumu pia huweza kulima mfereji katika metali laini.

Oili ikiwa nyembamba mno kuweza kutenganisha nyuso hizo, kinga hutoka kwenye tabaka la molekuli zinazonata juu ya metali. Ndiyo maana oili za injini hutiwa viungio vyenye zinki na fosforasi. Metali huendelea kulika, lakini polepole zaidi.

Utando wa oili

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower, alipokuwa akichunguza beringi za reli, alitoboa tundu juu ya beringi. Oili ilipanda na kusukuma nje kizibo alichokiweka. Osborne Reynolds alieleza sababu yake mwaka 1886: mhimili unaozunguka huvuta oili kuingia katika nafasi inayozidi kuwa finyu kama kabari, na shinikizo linalotokea huubeba mhimili wenyewe. Hapo metali haigusi metali. Msuguano unaobaki ni wa matabaka ya oili yanayopitana, yaani mnato wake.

Kwa sababu hiyo oili nzito zaidi si lazima iwe bora, ingawa imani hiyo imeenea. Utando wake ni mnene, lakini huisumbua injini na kula dizeli zaidi. Oili nyepesi mno nayo huruhusu vinundu kugusana. Joto hubadilisha mambo haraka: oili ya kawaida ya injini inaweza kupoteza takriban sehemu tisa kwa kumi za mnato wake ikipashwa kutoka nyuzi 40 hadi nyuzi 100 za Selsiasi.

Mwaka 1902 Mjerumani Richard Stribeck alionyesha kwamba msuguano wa beringi hushuka kadiri mwendo unavyoongezeka, hufika kiwango cha chini kabisa, kisha hupanda tena. Upande wa mwendo mdogo wanatawala vinundu. Upande wa mwendo mkubwa unatawala mnato.

Katika injini

Krankshafti huzunguka bila kusimama, hivyo huelea juu ya oili. Pistoni ina shida zaidi, kwa kuwa husimama kwa nukta moja kila inapogeuka juu au chini, na hapo utando hupungua. Juu kuna pia joto la mlipuko. Ndiyo sababu fundi akipima silinda iliyotumika sana hukuta imelika zaidi karibu na mahali ringi ya juu inapogeukia.

Kuwasha nako kuna hatari. Injini iliyolala usiku kucha imemwaga oili yake chini, na mizunguko ya kwanza hufanyika metali ikigusa metali. Kuiacha izunguke kidogo kabla ya kufunga mkanda wa kinu huipa oili nafasi ya kufika.

Vumbi huharibu hata injini yenye oili safi ya kiwango sahihi. Utando ndani ya beringi mara nyingi ni wa mikromita chache tu, na chembe ya mchanga iliyo nene kuliko huo huziba pengo na kukwaruza pande zote mbili.