Manyoya ya mbuni vichwani mwa wapagazi

Ukipanda basi kutoka Nzega kwenda Tabora, karibu nusu ya safari utapita Puge. Chungulia dirishani: miti, mashamba, ng'ombe. Mbuni humwoni, kwa sababu misitu ya miombo si nchi yake. Yeye anataka mbuga wazi. Emu ndiyo usahau kabisa, kwao ni Australia. Ila kwenye simu watu huwachanganya kila siku, basi siku nyingine hesabu vidole: mbuni ana viwili kila mguu, emu ana vitatu.

Hata hivyo kuna wakati manyoya ya mbuni yalionekana sana katika nchi hii ya Unyamwezi, tena si juu ya ndege. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, pale Tabora, Novemba 1857 akiwa na Speke, aliandika juu ya mapambo ya wapagazi: ukanda wa ngozi ya shingo ya punda milia kipajini, nywele zikisimama wima; ngozi za kima; na mafungu makubwa ya manyoya ya mbuni na korongo kichwani. Aliandika kwa kejeli, eti wanafanana na kuku wenye kishungi.

Sasa jiulize, kwa nini mbuni, wakati kuku wamejaa uani? Chukua unyoya wa bawa la kuku, uchane kwa vidole, kisha uupapase kuelekea juu. Unajifunga tena! Nyuzi zake zina vindoano vidogo mno vinavyoshikana, ndiyo maana bawa linaweza kusukuma hewa. Mbuni haruki, na manyoya yake hayana vindoano hivyo. Kila uzi uko huru, kwa hiyo hatua moja tu na unyoya wote unapepea. Ubaya wake ni mvua: unalowa chepechepe. Emu amezidi hapo, kila unyoya wake una mashina mawili yanayotoka kwenye mzizi mmoja, na mwili mzima unaonekana kama umefunikwa nywele.

Manyoya meupe yanayotamaniwa ni ya dume, yako mabawani na mkiani. Mwili wake uliobaki ni mweusi. Weusi huo una kazi, maana dume hulalia mayai usiku, na jike mwenye rangi ya vumbi hushika zamu ya mchana. (Kwa emu hakuna zamu. Dume hulalia peke yake wiki nane hivi, karibu bila kula.) Majike kadhaa wa mbuni hutaga kiota kimoja, lakini mkubwa wao ndiye mwenye nyumba: Brian Bertram, aliyewachunguza Tsavo Magharibi miaka ya 1970, aligundua kwamba anayatambua mayai yake, na yakizidi husukuma nje ya wenzake.

Turudi kwa wapagazi, maana hapa ndipo mimi huwa nakasirika kidogo. Wengi wetu tumekua na picha moja ya msafara: mnyororo shingoni, pembe begani. Misafara ya watumwa ilikuwepo, hakuna anayekataa. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira, walioafikiana malipo ya nguo na shanga kabla ya kuondoka, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakaenda zao. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, mwaka 2006.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi. Mtu mwenye uzito huo begani haongezi kitu bila sababu. Unyoya ni gramu chache tu. Na msafara wa Burton ulipoingia Kazeh, uliingia kwa bendera, baragumu na milio ya bunduki, watu wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku zote za njiani.