Kabla ya sare kulikuwa na kaniki

Unguja ya karne ya 19, mtu alijulikana kwa nguo kabla hajafungua kinywa. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyokuja na meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Sultani Said na Wamarekani. Wanawake wengi waliitia nila ikawa kaniki, samawati iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, rangi inayostahimili tope la shamba. Aliifunga chini ya makwapa akaacha mabega wazi. Kichwa hakufunika, viatu hakuvaa, kwa kuwa hayo yalikuwa ya waungwana. Bibi wa Kiomani, kwa upande wake, alikuwa na kanzu, suruali ya marinda na barakoa usoni. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 na akafa akiitwa Emily Ruete, aliyaeleza mavazi ya jumba la baba yake katika kumbukumbu zilizochapwa Ujerumani 1886, na ukizisoma kwa jicho la muuza nguo kama mimi unaona jinsi kila kipande kilivyokuwa na mwenyewe wa kukivaa.

Naanzia huko kwa sababu ya ubishi tulio nao sasa. Mimi nauza kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na nimo katika jumuiya ya mafundi cherehani, wabunifu na wachuuzi wa nguo tunaokutana kuzungumza mitindo, bei na kazi. Mwaka huu baadhi ya wasichana wameomba wawe na vikao vyao vya asili moja ndani ya jumuiya. Walioanza ni Wamasai, wakafuata wenye asili ya Ngazija. Wenzangu kadhaa wamewaka: huo ni ukabila, wanasema, na nchi hii ilishauzika. Baba yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe na bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja, kwa hiyo mimi mwenyewe sijui ningekaa kikao kipi. Hata hivyo nasema wapewe. Ila historia ya nguo tunazouza inaonyesha pia mahali pa kuweka mpaka, na wale wanaopinga hawakosi hoja.

Utumwa ulipopoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, jambo la kwanza walilofanya wanawake wengi waliotoka utumwani lilikuwa ni kuiacha kaniki. Walinunua kanga. Nguo hiyo ilikuwa bado changa. Masimulizi ya pwani yanasema ilianzia kwenye leso, zile za mraba zilizouzwa kwa mtande, ambazo wanawake walizikata sita sita wakaziunga, tatu juu na tatu chini, mpaka wafanyabiashara wakaona ni bora kuchapisha kipande kizima. Mjini Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake 1887, na alama ya mali ya Abdulla ingali kwenye kanga hadi leo. Kwanza majina ya kanga, yaani misemo yake, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi.

Angalia mteja anavyochagua. Nikimkunjulia doti mpya, bado ngumu kwa wanga, hukagua pindo kwanza kuona kama limechapwa sawa pande zote nne. Kisha hupitisha kiganja juu ya mji, ile sehemu ya katikati. Jina hulisoma mwishoni, midomo ikicheza bila sauti, na hapo ndipo bei inapoanza kuzungumzwa au doti inaporudi kwenye rafu. Sijawahi kuona mwanamke akiuliza nguo hii ni ya kabila gani. Hata enzi zile mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa aliyemmiliki walisimama mbele ya rafu moja, wakashindania toleo moja lililofika kwa meli ya juma lile. Buibui nalo, lililoingia kutoka Hadhramaut mwanzoni mwa karne ya 20, lilienda njia hiyohiyo: wanawake ambao mama zao walikatazwa kufunika kichwa sasa walijifunika mwili mzima. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia iliyotoka utumwani, akauza vyungu kwa miguu kabla ya kuhamia mjini, alirekodi santuri Bombay 1928, na alipoimba mbele za watu alijistiri uso.

Hii ndiyo hoja kubwa ya wenzangu wanaopinga, nami naikubali. Waliodhalilishwa kwa nguo ya peke yao hawakuomba kona yao. Waliomba nguo ya wote.

Lakini tusisahau kwamba majina ya makabila yenyewe hayakutulia. Sensa ya Unguja ya 1924 ilipata maelfu waliojiandikisha Waswahili, jina ambalo wengi wa waliotoka utumwani walikuwa wamelichukua. Miaka saba baadaye, katika sensa ya 1931, Waswahili walikuwa wamepungua mno. Watu walewale au watoto wao walijiita Wahadimu, Washirazi, au jina jingine lililowapa mizizi visiwani. Siwalaumu. Serikali ya kikoloni iligawa watu kwa mafungu, na fungu lilikuwa na faida au hasara yake. Ila mtu akiniambia kikao fulani ni cha Washirazi halisi peke yao, nitamuuliza ni halisi wa sensa ipi.

Na vikundi havikukosekana. Pwani yetu haijawahi kuwa na mavazi bila vikundi. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza miaka ya 1890 na kuenea mpaka bara, vilishindana kwa magwaride, kofia na mikanda ya kijeshi, Marini upande huu na Arinoti upande ule. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, wakipanga mstari, mikono ikizunguka polepole, wote kanga moja. Sare hiyo ilikuwa kazi hasa. Ilibidi kukubaliana rangi, kuchanga, kumtuma mtu dukani mapema kabla wapinzani hawajajua toleo gani limenunuliwa, kisha kuificha mpaka siku ya ngoma. Wazee walilalamikia gharama ya karamu na nguo, na walikuwa na haki ya kulalamika. Humo ndani binti wa waungwana na binti wa familia iliyotoka utumwani walicheza bega kwa bega, ingawa hakuna aliyesahau nani ni nani. Uadui mkali ulikuwa baina ya chama na chama, na chama kimoja kilibeba watu wa asili nyingi.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilirithi desturi hiyo. Kulikuwa na vyama vya kabila, Umoja wa Wazaramo ukiwa mmojawapo, na vilisaidiana kwa mazishi na nauli. Pembeni yake kulikuwa na vikundi vya ngoma vya wanawake, ambavyo vilikusanya Mzaramo, Mmanyema, Mrufiji na Mngoni chini ya jina moja na kanga moja. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. TANU ilipomhitaji mtu wa kuwaingiza wanawake chamani mwaka 1955, alikwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo, nao wakaja na watu wao. Mwanahistoria Susan Geiger aliwahoji wanawake hao walipokuwa wazee, na alichokionyesha ni kwamba walikuwa wamekwisha kuishi nje ya mipaka ya kabila kabla mwanasiasa yeyote hajawahubiria umoja. Mimi nikisikia habari hiyo, muuza kanga ndani yangu hujaa fahari. Sare ilitangulia kadi ya chama.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema basi, kesi imekwisha, hakuna haja ya vikao vya asili. Ingekwisha kama tusingekuwa na miaka iliyofuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya nchi hii iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Waliokataa waliambiwa wanaliaibisha taifa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze rasmi Januari 1969, na hapa Kariakoo wasichana walivamiwa na kuchaniwa nguo na makundi ya vijana wa kiume hata kabla ya tarehe hiyo. Wale waliojipa kazi ya kusema vazi la wote ni lipi hawakumuuliza Mmasai, wala hawakumuuliza msichana aliyekuwa akisubiri basi. Nami nauza nguo mita chache tu kutoka hapo, kwa hiyo siwezi kuliita jambo hilo dogo.

Kinachonishika zaidi ni shuka yenyewe. Merikani ile ya kaniki ndiyo iliyopandishwa bara na misafara, na Wamasai waliokuwa wakivaa ngozi wakaipaka udongo mwekundu na kuifanya yao. Miraba myekundu ilikuja baadaye. Ni nguo ya biashara kama kanga, na ni yao kama kanga ilivyo yetu. Louis Vuitton ilipoonyesha Paris mavazi ya kiume ya msimu wa 2012, miraba ile ilikuwemo kwenye skafu na mashati. Miaka michache kabla, kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia yao, kama alama yake ya biashara, na Wakenya wakapinga mpaka ombi likaachwa. Wamasai nao wakaanzisha mpango wao wa kulinda haki juu ya jina na mitindo yao. Mambo hayo hayazungumziki vizuri mbele ya kila mtu. Maana ya ushanga fulani, nani anaruhusiwa kuuvaa, upi uuzwe kwa watalii na upi usiuzwe, ni mashauri ya wenyewe kwanza. Mimi nikiwepo, wataanza kunifafanulia badala ya kushauriana.

Kwa hiyo wasichana wa Kimasai, ambao ni wa Simanjiro, nimewaambia watumie chumba changu cha stoo baada ya kufunga duka, marobota ndiyo viti. Nilichowaomba, na wenye asili ya Ngazija nimewaomba hivyohivyo, ni kwamba wasimpime mtu damu mlangoni, na aliyeolewa kwao au aliyelelewa kwao akae. Wakimaliza, lile wanalotaka sote tulijue walilete kwenye kikao cha wote: bei wasiyotaka ishushwe, mtindo wasiotaka unakiliwe, jina la kuandikwa kwenye lebo. Mafundi wawili wazee bado hawajaridhika, na tutalizungumza tena tukikutana kuchagua sare ya Idi.