Uhariri wa miswada (Afrika Mashariki)

Uhariri wa miswada ni kazi ya kulisoma na kulirekebisha andiko la mtu mwingine kabla halijachapwa. Katika Afrika Mashariki kazi hii kwa kiasi kikubwa ilikuwa chini ya mamlaka ya serikali kabla haijawa biashara.

Historia

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na nguvu yake kubwa ilikuwa ithibati: vitabu vya shule vilipitishwa kwake, na tahajia isiyokubaliwa ilirekebishwa. Wajumbe wa mwanzo walikuwa Wazungu. Kwa hiyo hata mzawa wa Lamu, aliyelelewa kwa tenzi, angeweza kusahihishiwa lugha ya mama yake na mgeni aliyejifunza ukubwani.

Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Hiyo ilikuwa na moyo zaidi: ilisoma miswada ya waandishi chipukizi, ikawashauri na kuwatafutia wachapishaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nayo ikavunjika.

Kazi yenyewe

Mhariri huanza na maudhui: sura ipi ihamishwe, mhusika gani kafa ukurasa wa 40 na kuibuka tena harusini ukurasa wa 90. Kisha hushuka kwenye lugha. "Masaa" hurudi kuwa "saa", "uwezi" huongezewa h, "alie" huwekewa y. Prufu husomwa mwisho. Kwenye kampuni ya uchapishaji gharama ni ya mchapishaji. Anayejichapishia hulipa mwenyewe, na mara nyingi mhariri ndiye wa kwanza kufyekwa kwenye bajeti. Msomaji huliona hilo mapema.

Huduma kwa biashara

Kampuni na asasi huagiza wasifu wa kampuni, ripoti za mwaka na maandiko ya miradi. Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, ambalo pia hufanya tafsiri. Raia wa kawaida huishia stesheneri, ambako anayechapa barua ndiye anayeinyoosha.

Uandishi kivuli

Nchini Kenya, vijana wengi wenye shahada wameishi kwa uandishi kivuli, yaani kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Mwaka 2022 sheria iliifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai England. Sheria hiyo humbana muuzaji; mwanafunzi anayenunua haimgusi.